Neno la Siri Lililosemwa Makaburini

Kitanda kilikuwa kimeshapakiwa kwenye guta, na juu ya kitanda alikuwa amelala Mgogo.

Guta lenyewe, pikipiki ile ya matairi matatu yenye bodi nyuma, lilikuwa linanguruma mbele ya nyumba ya chama hapo Mtendeni, na dereva alikuwa ameshapiga honi ya kukasirika. Chini ya kitanda kulikuwa na masufuria, magunia ya nguo, redio, picha ya ndoa iliyoviringishwa kwenye shuka, na kuku waliofungwa miguu, wakilalamika kwa niaba ya nyumba nzima. Apolinaria alishika ubao wa bodi asijue acheke au alie. Mumewe Tobias, katibu wa Chama cha Asali Mninga kwa miaka mingi kuliko anavyopenda kukumbushwa, alisimama kando amevaa koti la suti kwenye jua kali, kana kwamba hafukuzwi bali anahamishiwa wilaya nyingine kwa cheo.

"Mzee Yoramu, shuka basi," alisema Tobias. "Dereva ana kazi nyingine."

"Sishuki." Yoramu alijinyoosha, akaweka viganja chini ya kisogo. Alikuwa mzee wa Kilimatinde, fundi wa reli aliyestaafu, na tangu ahamie Tabora hakuwahi kukosa msiba wa Mnyamwezi hata mmoja. Wagogo na Wanyamwezi ni watani tangu siku za misafara, na mtani hazuiliwi mlango. "Babu zenu walipopita Ugogo na pembe za ndovu za wenzao mabegani, walilipa hongo ya njia. Na nyie mtalipa. Wapagazi wakubwa! Mmezoea kubeba mizigo ya wenzenu, leo ya kwenu imewashinda mpaka mmeita guta!"

"Ombaomba wewe," Apolinaria alimjibu, kwa kuwa utani lazima ujibiwe hata kama moyo umepasuka. "Hongo ya babu yangu umeshaila ukaimaliza, sasa unataka na kitanda changu?"

"Kitanda sikitaki, shemeji. Nasikia kimechoka tangu themanini na nane."

Majirani waliokuja kushuhudia aibu wakaangua kicheko. Watoto wakadaka hapo hapo, maana wimbo walikuwa nao tayari, wakaupiga makofi:

"Apolinaria!"

"Wangu tu!"

"Themanini na nane!"

Apolinaria alijifunika uso kwa upindo wa khanga. Ndani ya khanga, Mungu amsamehe, alikuwa anacheka.

Wimbo ule ulitoka makaburini. Tobias alikuwa amerudi kutoka Dodoma kwenye semina ya usalama wa mitandao kwa viongozi wa ushirika, amepewa begi, kofia na cheti, na kwa wiki nzima hapakukalika. Akinunua vocha anamweleza muuzaji habari za wadukuzi. Akiwa kanisani anamnong'oneza jirani kwamba neno la siri ni siri kati ya mtu na mashine. "Langu hata mke wangu halijui," alikuwa akisema, na kidole juu.

Wiki hiyo hiyo akafiwa na baba yake mdogo. Siku ya kuzika, jeneza limeshafika, padre ameshafungua kitabu, Yoramu akatumbukia kaburini akakaa chini kama mtu aliyepanga chumba. Watani wana haki hiyo. Siku nyingine hutaka kuku, siku nyingine hela ya pombe. Siku ile alitaka kitu kingine.

"Sitoki humu mpaka katibu aseme paswedi yake!"

Watu wakacheka. Tobias akatoa noti. Yoramu akaikataa. Tobias akaongeza nyingine. Yoramu akajilaza, akasema kaburi ni zuri, lina ubaridi, marehemu atafutiwe jingine. Jua likazidi, padre akatazama saa, na shangazi wa marehemu, mwanamke mkali asiyejua paswedi ni mnyama gani, akafoka, "Wewe Tobias! Unamchelewesha ndugu yako kwa ajili ya neno moja? Mpe mtani haki yake!"

Kumnyima mtani mbele ya maiti hakuna aliyethubutu. Basi Tobias akakohoa, akavua kofia ya semina, akapiga kelele mbele ya waombolezaji wote: "Apolinaria wangu tu, themanini na nane! Yameunganishwa, hakuna nafasi!"

Walicheka mpaka mjane. Walicheka mpaka wabeba jeneza wakaliweka chini wasije wakaliangusha. Yoramu alitoka kaburini akijifuta machozi, akamkumbatia Tobias, na mazishi yakaendelea.

Jioni ile Tobias alimuuliza mkewe, "Mama Wili, nilibadilishe?"

Apolinaria alikuwa anaosha vyombo. Mwaka themanini na nane ndipo walipofunga ndoa. Miaka yote hiyo mume huyu hakuwahi kumwambia neno tamu bila kusukumwa, kumbe kila asubuhi, kabla hajafungua barua za chama, alikuwa analiandika. "Sasa utaandika nani badala yangu?" alisema, na hakugeuka ili asionekane anavyotabasamu.

Tobias hakulibadilisha.

Halafu, mavuno ya asali yakiwa yamekusanywa, barua pepe ilitoka kwa katibu kwenda kwa Nestori, mtunza ghala. Ilisema mnunuzi amebadili usafiri, lori litafika mchana, atoe mapipa arobaini haraka na asimsumbue katibu kwa simu kwa kuwa yuko kikaoni. Nestori alikuwa kijana wa Ulyankulu, mpole, mtu wa kuimba kwaya, aliyelelewa kwamba mkubwa akisema umeitika. Akayatoa, akasaidia na kusukuma, akampungia dereva mkono. Asali ya wanachama wa Urambo mpaka Ulyankulu ikaondoka kwa barabara ya Singida, na Tobias siku hiyo hakuwa kwenye kikao chochote. Alikuwa kwa fundi viatu, soksi moja mguuni.

Kamati ilikaa haraka. Uamuzi ulikuwa mfupi: katibu asimamishwe, na nyumba ya chama aiache kabla ya mkutano mkuu wa wanachama utakaothibitisha uamuzi huo. Mkutano ulikuwa leo, saa nane mchana. Na sehemu pekee ya kwenda ilikuwa chumba kimoja kwa dada yake Tobias kule Ng'ambo, dada ambaye alishasema kuku hawataki.

"Hongo," alisema Yoramu.

Apolinaria alimfungua kuku mmoja, akamrushia tumboni. Mgogo akapiga yowe, kuku naye akapiga la kwake, watu wakashangilia.

"Endesha mpaka njia panda mnisubiri," Apolinaria alimwambia dereva. "Mimi napeleka funguo."

*

Mwenyekiti Marko alikuwa ofisini kwake, feni ikizunguka, kompyuta mbele yake, miwani kwenye ncha ya pua. Alikuwa mtu mzito, mwenye sauti ya kusoma masomo ya Jumapili. Yeye ndiye aliyesimamia ndoa ya Tobias, na mkewe Advera ndiye aliyemshika Apolinaria mkono siku ile mpaka altareni. Kwa hiyo hakumtazama usoni.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba. Weka hapo mezani."

"Naomba jambo moja. Mtuachie nyumba mpaka polisi wamalize. Mume wangu si mwizi, unamjua."

"Sijasema mwizi. Nimesema mzembe." Marko alisogeza funguo kwa ncha ya kalamu, kana kwamba zina tope. "Mama Wili, taasisi ya kisasa haiendeshwi kirafiki. Mtu ametangaza neno la siri la chama mbele ya kaburi! Nilikuwepo. Niliona aibu mimi."

"Ulicheka, mwenyekiti. Ulishikwa na kwikwi tukakupa maji."

"Nilicheka kama muombolezaji. Kama mwenyekiti, niliona aibu." Alivuta kompyuta. "Sasa tulia, nimwandikie yule binti mtaalamu anayechunguza wizi kwamba funguo zimepokelewa. Kila kitu sasa kwa maandishi."

Wazee wengi hawawezi kusoma bila kusogeza midomo. Marko hakuweza kuandika bila kutamka. Alikuwa anatafuta herufi kwa kidole kimoja, kichwa kikifuata kidole, na mdomo ukimtumikia bila ruhusa yake. Mashine ikamtaka neno lake la siri. Kidole kikaondoka safarini.

"A... iko hapa. Po... li... na... ria," alinong'ona Marko. "Wangu... tu. Nane... nane tena."

Kompyuta ikalia kwa furaha, ikafunguka.

Apolinaria alibaki na mdomo wazi. Alitazama feni. Alitazama picha ya Mtakatifu Ambrosi, mlinzi wa wafuga nyuki, ukutani. Hata mtakatifu alionekana kama amesikia.

"Umesema nini?" Marko aliuliza bila kuinua kichwa.

"Mimi? Sijasema kitu, mwenyekiti."

Alitoka taratibu, akafunga mlango kwa adabu, akavuka uwanja, akafika nyuma ya ghala. Hapo akaegemea ukuta akacheka mpaka akachuchumaa, na Nestori aliyekuwa anafagia ghala tupu akaja mbio akidhani mama amezirai.

"Mama, nikuletee maji?"

"Nestori mwanangu," alisema akihema, "hebu niambie kweli. Paswedi yako wewe ni nini?"

Nestori akashika fagio kwa mikono miwili. Masikio yakamwiva. "Mama, hiyo siwezi kusema. Mbele yako hasa wewe, siwezi."

Basi Apolinaria akaanza kucheka upya.

*

Njia panda, chini ya jua, Tobias alisikiliza akiwa ameketi ukingoni mwa kitanda chake mwenyewe juu ya guta. Hakucheka.

"Hapana," alisema. "Marko ni msimamizi wetu. Hatumvui nguo hadharani."

"Yeye wewe amekuvua nini? Shati?"

"Mimi nina kosa, Mama Wili. Nilisema neno. Wengine wameliokota tu."

"Wameliokota wakalivaa!" Apolinaria alipiga ubao wa guta. "Baba Wili, nisikilize. Ukitoka kwenye nyumba ile leo, utakuwa mwizi wa asali mpaka kaburini, na mtani atakukalia huko akuulize mapipa yako wapi. Mimi sitaki kuzeekea kwenye chumba cha wifi yangu nikiomba ruhusa ya kuweka kuku. Na usisahau, siku ile uliniuliza ulibadilishe au vipi. Ni mimi niliyekuzuia. Kosa ni letu wawili, kwa hiyo na mdomo wa kulitetea tunao wawili."

Yoramu alikuwa bado kitandani na kuku wake kifuani. Sasa bega lilianza kumtikisika. "Mwenyekiti," alisema kwa shida, "kila asubuhi... na ile miwani... 'wangu tu'..." Akaviringika akaanguka kutoka kwenye guta, kuku akaenda zake, na dereva, ambaye mpaka dakika ile alikuwa amenuna, akainama kwenye usukani akicheka machozi.

"Kaka," dereva alimwambia Tobias alipopata pumzi, "Ng'ambo siwapeleki. Nawapeleka mkutanoni, na nauli sitaki. Mimi hii lazima nione."

*

Ukumbi ulijaa. Wafuga nyuki wa Urambo walikuwa wamekuja na treni, wa Ulyankulu kwa basi, na wote walikuwa na sura ya watu walioibiwa. Kando ya mlango liliegeshwa guta lenye kitanda, na kila aliyeingia alikitazama, akamtazama Tobias, akatazama pembeni.

Mtaalamu aliitwa Batuli. Alikuwa binti mwembamba aliyejifunga hijabu ya kijani, ametoka Dodoma, amekuja na projekta yake mwenyewe. Alisema kwa ufupi. Aliyeiba hakuvunja kitu. Aliingia kwenye barua pepe ya katibu kwa neno sahihi, kama mwenye nyumba anavyoingia kwake, akaandika amri, akatoka.

"Mmesikia!" Marko alisimama. "Kama mwenye nyumba! Ndugu wanachama, hoja iliyo mbele yetu ni moja. Kiongozi ambaye neno lake la siri linajulikana mtaani, anafaa kukaa kwenye nyumba ya chama?"

"Hafai!" walijibu wachache wa mbele.

Apolinaria alinyoosha mkono. Alikuwa mwanachama kwa mizinga yake mwenyewe, aliyoirithi kwa baba yake, na haki ya kusema alikuwa nayo kama yeyote.

"Mwenyekiti, mimi nina swali dogo. Sheria hiyo ni ya katibu peke yake, au ya kila kiongozi?"

"Ya kila kiongozi!" Marko alipanua mikono. "Awe mjumbe, awe mhasibu, awe mimi hapa. Neno likijulikana, nyumba unaacha, na kiti unaacha. Hatuangalii uso wa mtu."

"Iandikwe," alisema Apolinaria.

"Iandikwe!" alisema Marko.

Stela, mhasibu, aliyekuwa anaandika kumbukumbu, aliandika. Baadaye watu walisema aliandika bila kuinua macho.

"Basi binti yangu Batuli," Apolinaria aligeuka, akikwepa kutazama safu ya pili alikoketi Advera, aliyemfunga shela siku ya ndoa. "Mashine ya mwenyekiti iko hapo mbele. Nataka nijaribu kuifungua. Nikishindwa, sisi tunakwenda Ng'ambo na sitafungua mdomo tena."

Ukumbi ukavuma. Batuli alitikisa kichwa. "Mama, barua ya mtu siifungui bila ruhusa yake. Hata kwa kujaribu."

"Na ruhusa haipo," alisema Marko haraka. "Humo mna siri za chama."

"Siri gani?" Sauti ilitoka safu ya pili. Advera alisimama, mwanamke mpana, mkoba kwapani. "Mume wangu hana cha kuficha. Miaka yote hii namjua. Marko, mpe ruhusa, tumalize twende nyumbani, ugali unanisubiri."

"Mama nanii, hili si..."

"Mpe!"

"Mpe! Mpe!" ukumbi ukaitikia, na Yoramu, ambaye si mwanachama wa kitu chochote duniani, akapiga mluzi kutoka dirishani.

Marko alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua. "Ruhusa ipo," alisema kwa sauti iliyosinyaa.

Batuli aliunganisha projekta. Ukutani kikatokea kisanduku cheupe kikisubiri. "Niandike nini, mama?"

Apolinaria alijaribu kusema kwa heshima. Alijaribu kweli. Lakini kicheko kilikuwa kimeshamjaa kooni kama gesi ya soda. "Andika," alisema, "jina langu."

Batuli akamtazama.

"Andika Apolinaria. Umemaliza? Ongeza wangu tu. Sasa nane mbili."

Ukutani vilijipanga vitone vyeusi, kimoja baada ya kingine, na ukumbi mzima ukavihesabu kwa macho. Batuli akabonyeza. Ukuta ukafunguka, zikamwagika barua za mwenyekiti, ya juu kabisa ikisema: *Funguo zimepokelewa.*

Kuku alisikika nje.

"Marko," alisema Advera.

"Advera, ni rahisi kukumbuka!"

"Marko. Apolinaria wako tu?"

"Watoto wanauimba! Asubuhi wanauimba, jioni wanauimba, umeniganda kichwani! Lile la kwangu la zamani nilikuwa nalisahau kila wiki!"

"Nilisimama na mwanamke huyu altareni. Nikamshikia ua. Na wewe ulikuwa upande wa pili, umevaa tai niliyokununulia mimi! Umesimamia ndoa ya watu, kumbe ulikuwa unaipigia mahesabu?"

Hapo ukumbi ulilipuka. Mzee mmoja wa Urambo alishuka kwenye benchi akakaa sakafuni. Yoramu aliingia kwa dirisha bila kuulizwa. Katikati ya kelele zile Nestori alisimama mwenyewe, fagio halipo lakini mikono bado imelishika, akasema, "Na mimi pia. Mama, naomba radhi. Baba katibu, naomba radhi. Ndilo neno langu la ghala."

"Na mimi," alisema mjumbe mmoja wa kamati, akitazama viatu.

"Na sisi wa kituo cha kununulia," walisema wawili pamoja, wakatazamana kwa mshangao.

Stela aliweka kalamu chini. "Hata mimi," alisema. "Hela zote za chama ziko humo. Na mimi ni mwanamke!"

Hapo Batuli alishindwa kuvumilia. Alikuwa amejitahidi kukaza uso tangu mwanzo, maana ndiyo kazi yake, lakini sasa alikaa kwenye kiti cha mwenyekiti, akafunika uso kwa viganja, na hijabu ya kijani ikaanza kutikisika. Alipoinua kichwa macho yalikuwa mekundu.

"Wazee wangu," alisema, "mama zangu. Nimekwenda kwenye mabenki. Nimekwenda kwenye mahospitali. Sijawahi kuona taasisi nzima inayomwandika mke wa katibu kila asubuhi." Akangoja watulie, akabadilisha sauti. "Sasa nisikilizeni, kwa sababu hapa hapachekeshi. Aliyewaibia alichagua barua ya katibu. Angetaka, angechagua ya Stela, na leo msingekuwa mnatafuta mapipa, mngekuwa mnatafuta chama. Mkimfukuza huyu mzee mkabaki mlivyo, mwezi ujao nitaitwa tena. Yeye alisema neno. Lakini hata baada ya neno kujulikana, hakukuwa na mtu wa kuuliza. Amri imekuja, asali imetoka. Hakuna aliyeinua simu. Simu tu!"

Nestori alikuwa analia taratibu. Jirani yake alimpa leso.

"Hoja," alisema Advera. Alikuwa bado amesimama. Alimtazama Apolinaria kwa muda, na Apolinaria hakujua jicho lile ni la nini, akainamisha lake. "Mwenyekiti alisema iandikwe. Imeandikwa. Kwa hiyo nyumba ya chama anaacha katibu, kiti anaacha mwenyekiti, ghala anaacha Nestori, kitabu anaacha Stela, na kamati inakwenda nyumbani yote, tubaki sisi na nyuki. Au hoja inafutwa. Mimi nasema ifutwe, kitanda cha watu kirudi ndani. Mambo ya mume wangu nitayamaliza kwangu."

Mikono iliyonyooshwa haikuhesabiwa, maana hata dereva wa guta alinyoosha.

Batuli hakumruhusu mtu kuondoka. Aliwapanga viongozi mstari, kila mmoja na simu au kompyuta yake, abadilishe neno lake hapo hapo. Kazi ikawa ngumu, kwa sababu wazee waliandika kwa mdomo. "Msitamke!" Batuli alipiga kelele. "Jamani, msitamke!" Mwishowe aliwaamuru wajizibe, na hivyo ndivyo viongozi wa Chama cha Asali Mninga walivyoonekana siku ile na kila aliyechungulia: wamejipanga, kidole kimoja kazini, kiganja kingine kimeziba mdomo, na nyuma yao Mgogo anapita akitega sikio.

*

Tobias alirudishiwa nyumba na ukatibu. Alikatwa posho ya vikao ya msimu mzima, na hakubisha.

Batuli alirudi Dodoma. Aliacha kanuni zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwenye mlango wa ghala: pipa halitoki kwa barua peke yake, lazima mtoaji apige simu kwa namba anayoijua, na lazima wakubali watu wawili. Kamati iliongeza moja ya kwake. Kila mwezi, siku isiyojulikana, Yoramu hupita kwa viongozi na kudai maneno yao ya siri kwa haki ya utani. Anayelisema hulipa kuku. Mwezi wa kwanza aliondoka na kuku saba. Mwezi uliopita aliondoka na mmoja, wa mjumbe wa Urambo, ambaye anadai aliamshwa usingizini.

Marko hakugombea tena uenyekiti ulipofika uchaguzi. Siku hizi ana mizinga yake na anasoma masomo ya Jumapili kama zamani. Advera alichaguliwa kwenye kamati. Yeye na Apolinaria hawakusalimiana mpaka Pasaka, na baada ya Pasaka walianza kwenda sokoni pamoja.

Nestori bado yuko ghalani. Hupiga simu kwa kila jambo. Juzi alimpigia katibu kumuuliza kama kweli ni yeye aliyemsalimia getini asubuhi.

Watoto wa Mtendeni wana wimbo mwingine.

Dereva wa lori alikamatwa Manyoni. Alisema alikodiwa kwa simu na mtu ambaye hakuwahi kumwona, aliyemwelekeza wapi apakie na wapi apakue, na namba ile ilikuwa imesajiliwa kwa jina la bibi mmoja aliyekwishafariki. Polisi walimshikilia, kisha wakamwachia kwa dhamana. Mapipa kumi na moja yalikutwa kwenye banda karibu na stesheni ya Tura, yakarudishwa kwa treni.

Aliyeandika barua pepe ile hakupatikana. Mapipa ishirini na tisa hayajaonekana mpaka leo. Asali haiozi, kwa hiyo bado iko mahali fulani.